Jina Lililoitwa Ziwani

Mwezi uliopita lori moja lilivuja dizeli kwenye nyasi za kando ya barabara pale Keroka, kisha mvua ikanyesha juu yake. Nilikuwa nimejibanza chini ya turubai la mama mmoja muuza ndizi, nikisubiri mvua ikatike, wakati harufu ile iliponifikia: dizeli na majani mabichi yaliyoloa. Nikaishika nguzo ya turubai kwa mikono miwili. Yule mama akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu. Hakuuliza nimekumbuka nini, na pale kwenye mvua nisingeweza kumweleza. Nitawaeleza ninyi, mliokuwa watoto wakati mmoja nami, enzi zile simu ya mkononi ilikuwa ya baba peke yake, tena ilivaliwa kiunoni ndani ya kifuko cha ngozi.

Sikuwa nimeanza darasa la kwanza. Tuliishi Keroka, nyuma ya duka la Baba la magodoro na mablanketi. Baba aliitwa Abdalla, mtu mrefu, mpole, ambaye wateja walilazimika kumsogelea ili wamsikie. Mama alizaliwa Nyamache, kwa watu wa chai na ndizi, Wasabato wa kanisani kila Jumamosi. Alipoolewa alisilimu akaitwa Halima, lakini akishtuka alirudi kwenye Ekegusii, lugha ya kwao, bila kujua. Kaka yangu Swaleh alinizidi miaka michache na kwa hiyo alijua kila kitu. Mimi ni Sauda. Na chumba cha mbele, chenye dirisha la kuangalia barabara, kilikuwa cha Nyanya, mama yake Baba.

Nyanya hakuzaliwa huku. Yeye na babu walitoka ng'ambo ya ziwa, wakaja na biashara zao na kuhamahama mpaka wakafika milimani. Watu walisema ni yeye aliyemwomba babu ampeleke mahali ambapo maji hayakai, mahali ambapo mvua ikinyesha maji yanateremka na kwenda zake. Keroka ni mahali kama hapo. Mimi nilidhani anachukia matope. Nilidhani pia kwamba samaki humdhuru tumbo, maana jirani akikaanga omena Nyanya aliinuka akafunga dirisha, hata kama ni mchana wa joto. Nikicheza na karai la kufulia aliniita niende kwake. Tukienda kwa kina Mama kule Nyamache, alimsihi Mama apite njia ndefu isiyovuka mto. Hakuna aliyesema kwa nini, nami sikuona ajabu. Mtoto huyakuta mambo ya nyumbani kwao kama anavyoikuta milima.

Mahali nilipopenda kuliko pote palikuwa juu ya rundo la magodoro dukani. Nilipanda mpaka juu kabisa, karibu na dari, nikalala pale kwenye karatasi za nailoni, nikawasikiliza watu wakibishana bei bila wao kujua nipo. Hapo ndipo nilipokuwa jioni moja, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, Baba alipofunga mlango wa duka na Nyanya akaingia kwa mlango wa uani.

"Ziwa limeshanichukulia mmoja, Abdu," Nyanya alisema. "Sitalipelekea mwingine."

"Mama, mpaka lini?" Baba alijibu. "Lazima huyu mtoto aende. Umri wake unauona mwenyewe."

"Nimeuona. Ni umri ule ule."

"Basi ndiyo maana."

Nilisikia shanga za tasbihi ya Nyanya zikigongana. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua, kwa sababu mtoto ambaye umri wake ulikuwa ukizungumzwa sana nyumbani kwetu siku zile alikuwa mimi, kwa ajili ya shule.

"Kama ni lazima aende," Nyanya akasema mwishowe, "nitampeleka mimi kwa mkono wangu. Safari hii simwachii mtu mwingine."

Nikaona utosi wa Baba kutoka juu, umeinama. Kisha akazima taa akatoka.

Ni mtu mzima tu anayeweza kuyasikia maneno yale na kuelewa kilichosemwa. Mimi nilielewa hivi: liko ziwa mahali fulani, linachukua watoto. Lilishamchukua mmoja, sasa zamu yangu imefika, na watu wa nyumbani wamekubaliana nani atanipeleka.

Sikumwuliza mtu. Wazazi hushangaa kwa nini mtoto hasemi kinachomtisha. Ni kwa sababu akisema, atajibiwa, na mimi sikutaka kujibiwa.

Halafu ikaja Idi. Baba alikuwa amenunua kondoo mweupe, na Swaleh akampa jina la Bosi. Kwa siku kadhaa Bosi aliishi uani kwetu kama mgeni. Alipewa majani mazuri, akaogeshwa, akachanwa manyoya. Asubuhi ya Idi, watu walipotoka msikitini, Mama alimpa maji akanywa mpaka akatosheka. Baba akampapasa kichwani, akamwambia maneno ya polepole kwa ile sauti yake ya chini, akamlaza akielekea kibla. Nilikuwa nimeona Idi nyingine kabla ya hiyo, lakini hiyo ndiyo ya kwanza niliyoitazama kwa macho yaliyofunguka. Walimpenda, wakamwogesha, wakampa maji, wakamsemesha vizuri.

Kesho yake Mama aliniita uani. Alikuwa amechemsha maji mengi kuliko kawaida. Akanisugua mpaka nyuma ya masikio, akanipaka mafuta, akanisuka upya. Akatoa gauni jipya la manjano ambalo sikuwahi kuliona.

"Nani amelinunua?" niliuliza.

"Baba yako. La kuvaa kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Utaona," Mama akasema, akacheka. "Tunaenda kutembea, sisi wote. Tutapanda boti kubwa ziwani."

Jioni Nyanya alinipaka hina viganjani. Ua alilolichora likatoka limepinda. Hakucheka kama Mama. Wakati wa chakula Baba alinipa kipande cha ini kilichobaki, kile ambacho mimi na Swaleh huwa tunakigombania, kisha akanipapasa kichwani. "Kesho ni siku yako," akaniambia, kwa sauti ya chini.

Ini lile nililishika mdomoni. Sikulimeza. Nilipotoka nje kunawa, nililitema nyuma ya tangi.

Tuliondoka alfajiri kwa pikapu ya duka, Baba, Mama na Nyanya mbele, mimi na Swaleh nyuma ndani ya turubai, tumekalia godoro. Kisii tukaipita ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Barabara ikateremka, migomba ikapungua, miwa ikaanza, na joto likaingia chini ya turubai. Swaleh aliimba njia nzima. Mimi nilikuwa nikiangalia jinsi barabara inavyokunjuka nyuma yetu, nikijaribu kuikariri, ili kama wataniacha nijue pa kupita.

Ziwa nililiona kwanza kama ukuta. Sisi wa milimani tumezoea kuona nchi ikipanda na kushuka. Sikujua kwamba kitu kinaweza kuwa kikubwa namna ile na kikalala. Kwangu lilikuwa limesimama wima mwisho wa barabara, la kijivu, na nyumba za Homa Bay zimeliegemea. Nikamwuliza Swaleh, "Huo ukuta ni wa nani?"

"Ukuta gani? Ni maji hayo, mjinga we."

Boti ilikuwa na ghorofa mbili, imepakwa rangi nyeupe na buluu, kati ya zile zilizokuwa zikizungusha familia siku za sikukuu. Watu wanapelekwa kisiwani, wanakula, wanarudi jioni. Gati lilijaa. Watoto walikuwa na mabaluni, spika ilikuwa ikipiga muziki, na kwenye maji ya pembeni magugu ya kijani yalikuwa yamejikusanya, yakinuka dizeli. Mfanyakazi mmoja wa boti alitugawia jaketi za kuelea, za rangi ya machungwa. Swaleh akapata yake. Mama akapata. Mfanyakazi akaniangalia mimi, akatikisa kichwa.

"Ya mtoto mdogo hivi haiko, mama. Huyu mtamshika tu."

Mama akageuka kumtazama Baba. Baba alikuwa amesimama kwenye daraja la mbao la kuingilia, ameshika kamba kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. "Tungoje nyingine," akasema.

"Tumeshafika," Nyanya akasema. "Nitamfunga."

Akavua leso yake ya juu, akanizungushia kiunoni, akaizungusha na kiunoni mwake, akafunga fundo. Kila mtoto niliyemwona alikuwa na jaketi la rangi ya machungwa. Mimi nilikuwa na leso, nimefungwa kama Bosi alivyofungwa. Tukaingia hivyo.

Watu wazima wengi walizivua jaketi zao mara tu boti ilipoondoka, kwa sababu ya joto, na mfanyakazi akazitupa ndani ya sanduku refu la mbao chini ya benchi tuliloketi. Nililiona sanduku lile. Nilikuwa nikitazama kila kitu. Niliona pia kwamba Baba hakuwahi kuyaangalia maji hata mara moja. Alikaa katikati kabisa ya boti, akaangalia magoti yake. Swaleh alimvuta aje kuona ndege weupe, akasema, "Baadaye, mwanangu." Mama peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, au alijitia furaha kwa niaba ya wote. Alinipa mandazi. Sikula.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo nchi kavu imekuwa mstari mwembamba kila upande wakati injini ilipokohoa ikazima. Muziki nao ukakatika. Nilikuwa sijajua kelele ilikuwa kubwa kiasi gani mpaka ilipokwisha. Boti ikaanza kugeuka polepole, ubavu ukielekea kwenye upepo, na mawimbi yakaanza kuigonga. Mtoto mmoja akalia, kisha mwingine. Kule nyuma tuliona tumeingia katikati ya magugu, kijani kitupu, kana kwamba boti imepandwa shambani.

Nahodha akashuka kutoka juu. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia, anatoka jasho. Alizungumza na wafanyakazi wake kwa Kijaluo, kisha akatugeukia sisi.

"Msiogope, wazee na akina mama. Ni haya majani, yamekaba panga la injini. Kila mtu akae chini, msikimbilie upande mmoja. Itabidi mmoja ashuke majini."

Itabidi mmoja ashuke majini.

Nilimtazama Nyanya. Alikuwa amefumba macho, midomo yake inakwenda, shanga za tasbihi zinapita kwenye vidole vyake haraka haraka, na machozi yanamtiririka. Nilijua analia kwa ajili yangu. Nikaliangalia fundo. Labda ni woga, sijui, lakini fundo lilikuwa limelegea, nami nilikuwa mtoto wa duka la magodoro, nilishafungua kamba nyingi. Boti ilipoinama, watu wote wakapiga yowe na kushikana. Nikatoka ndani ya leso, nikateleza chini ya benchi, nikainua kifuniko cha sanduku, nikajitia ndani katikati ya zile jaketi, nikakishusha juu yangu.

Mle ndani kulikuwa na giza na unyevu, na harufu ile ya dizeli na majani. Nilisikia kishindo cha mtu akijitupa majini. Ndiyo huyo, nikawaza, wamemtupa mwingine. Lakini papo hapo nikasikia sauti ya Nyanya.

"Mtoto! Mtoto yuko wapi?"

Halafu Mama. "Sauda? Sauda! Omwana one! Omwana one, ng'ai are?" Mwanangu, mwanangu yuko wapi. Sauti yake ilipanda mpaka ikawa si yake.

"Kuna kitu kimeanguka majini," mwanamume fulani akasema. "Nimesikia, paa!"

"Huyo ni kijana wetu ameshuka," nahodha akapaza sauti. "Ni kijana wetu! Kaeni chini! Mtatuzamisha!"

Hawakukaa. Nilisikia miguu ikikimbia juu ya mbao, boti ikalala upande, jaketi zikanibana kwenye ukuta wa sanduku. Waliniita. Swaleh aliniita huku akilia, Swaleh ambaye hakuwahi kulia mbele yangu. Baba aliniita. Nilikuwa sijawahi kumsikia Baba akipaza sauti maishani mwangu, na sauti ile ilinitisha kuliko zote. Nikajikunja zaidi. Walikuwa wananitafuta ili wanipeleke. Kadiri walivyoniita kwa uchungu ndivyo nilivyoamini kwamba ziwa limekasirika na wamechelewa.

"Niachie!" Baba alikuwa akisema. "Halima, niachie!"

"Hujui kuogelea! Abdalla, hujui kuogelea!"

"Niachie nimfuate. Safari hii nitamfuata."

Nikasikia kitambaa kikichanika, watu wakivutana, nahodha akimsihi, "Mzee, mzee, tafadhali, utakufa bure." Na kati ya kelele zile zote, Nyanya akaita. Hakuita kama wengine. Aliita kwa sauti nyembamba, ya msichana, iliyovuka juu ya kila kitu.

"Zubeda! Zubeda! Zubeda, rudi!"

Nilifumbua macho gizani. Hilo halikuwa jina langu. Hakuna aliyeitwa Zubeda kwetu, wala kwa majirani, wala chuoni kwa mwalimu. Kumbe ziwa lilikuwa limepata mtoto mwingine, na mtoto huyo alikuwa na jina, na Nyanya alimjua. Na kwa kuwa limepata, mimi nilikuwa nimepona. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ndicho kilichoniinua. Nikasukuma kifuniko, nikatoa kichwa, nikawatazama watu.

Aliyeniona kwanza alikuwa mwanamke mgeni, mwenye mtoto mgongoni. Alinyoosha kidole. Kisha watu wakageuka, mmoja baada ya mwingine, na kelele ikafa. Mama alikuwa amepiga magoti, amekumbatia miguu ya Baba. Baba alikuwa ameegemea reli, mguu mmoja tayari ng'ambo, koti lake limechanika begani. Nyanya alikuwa amesimama na leso tupu mkononi.

"Zubeda ni nani?" nikauliza. "Ameshapelekwa?"

Mama ndiye aliyenifikia. Alinishika usoni, kifuani, miguuni, akinihesabu viungo, akisema maneno ya Ekegusii ambayo hayakuwa sentensi. Nilingoja kupigwa. Hakunipiga. Kule nyuma yule kijana akatokea majini na kisu mdomoni na fungu la magugu mkononi, akauliza kuna nini.

"Kwa nini ulijificha?" Mama akaniuliza. "Kwa nini hukuitika?"

"Sitaki kupewa ziwa," nikasema.

"Nani alisema utapewa ziwa?"

Nikamwonyesha Nyanya. Nikamwonyesha Baba. Na kwa kuwa kinywa kilikuwa kimeshafunguka, nikasema yote: magodoro, zamu yangu, Bosi, maji ya kuoga, ini, jaketi ambalo sikupewa. Watu walitusikiliza, wageni wale na mabaluni yao. Nilipomaliza, Baba alikuwa ameshavuta mguu wake ndani na kuketi sakafuni.

Nyanya akaja akaketi karibu yake. Akanivuta nikakaa kati yao. Alinuka udi na jasho. Alinitazama, na mimi nikaona kwamba ananiona mimi, Sauda, si mtu mwingine, na kwamba ilimchukua nguvu kufika hapo.

"Zubeda alikuwa mtoto wangu," akasema. "Alikuwa dada yake baba yako. Tulikuwa tunakuja huku na babu yako, ndani ya boti ndogo, upepo ukatukamata. Alikuwa kama wewe. Maji yalimchukua. Hakuna aliyempa."

Swaleh akauliza, "Kwa nini hatukuwahi kumjua?"

Injini ikawaka, ikatetemesha mbao chini yetu, na watu wakapiga makofi.

Kisiwani tulikaa chini ya kibanda cha makuti na hakuna aliyekula sana. Mama alikuwa hajaniachia mkono. Alimwambia Baba, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, kwamba mambo kama yale hayafungiwi ndani ya nyumba yenye watoto. Baba akamwambia ni kweli. Akasema aliitaka safari hii kwa sababu alichoka kumwona mtoto wake akifundishwa kuogopa hata karai, naye mwenyewe akimsaidia Nyanya kumfundisha. Alidhani tukipanda boti mara moja, tukashuka wazima, kitu kitaisha. Kisha akainuka kwenda kumwuliza nahodha kuhusu kurudi.

"Njia ya gari ipo, mzee," nahodha alisema. "Mnavuka pale penye daraja, mnazunguka mpaka Homa Bay. Ni ndefu, lakini ipo. Mkitaka nitawatafutia mtu wa kuwapeleka."

Baba akasema sawa, atufanyie hivyo. Nyanya akakataa.

"Tumekuja kwa maji," akasema. "Tutarudi kwa maji. Wote."

"Mama, mimi siwezi."

"Najua huwezi. Utakaa na mimi."

Mama alitazama mmoja na mwingine, na nilidhani atakataa kwa niaba yangu. Lakini alikwenda kwa nahodha mwenyewe, akasimama mbele yake mpaka jaketi likapatikana, la mtoto mkubwa kidogo, akalikaza kwa kamba mpaka likanikaa. Tukapanda tena.

Upepo ulikuwa haujatulia. Boti ilipanda na kushuka, na kila iliposhuka Baba alifumba macho. Alikuwa upande mmoja wa Nyanya, mimi nimepakatwa upande wa pili, Mama na Swaleh benchi la mbele yetu. Tulikwenda mpaka tukafika karibu na yale magugu. Hapo Baba akasema, bila kufumbua macho:

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini?"

"Ulikuwa na mizigo. Ulisema, Abdu, mshike mwenzio. Nikamwachia."

Nyanya akageuka. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Nani alikwambia ulimwachia?"

"Nilikuwa nimemshika, halafu nikawa sijamshika. Nilikuwa na miaka kumi, Mama, nakumbuka. Na wewe tangu siku ile hukulitaja jina lake mbele yangu. Hata juzi dukani umesema humwachii mtu mwingine."

"Ya Rabi," Nyanya akasema. Akauchukua mkono wa Baba wa kulia, akaufungua juu ya paja lake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha kati. Nilikijua kidole kile, nilikichezea tangu nikiwa mchanga, nilidhani amezaliwa nacho. "Na hiki? Hiki unadhani kilivunjikaje? Mimi ndiye niliyekifunga, kwa kijiti na kipande cha leso. Ulimshika mpaka wimbi likakuvunja kidole, na bado ulikuwa umekunja mkono. Tulikukuta umekunja mkono, Abdu. Baba yako ndiye aliyeufungua."

Baba alifumbua macho akakitazama kidole chake.

"Sikumtaja," Nyanya akasema, "kwa sababu kila nikimtaja ulikuwa unatapika. Mtoto wa miaka kumi, hali, hanywi. Nikaogopa nitakupoteza na wewe. Nikasema basi, nitamfunika. Na uliponyamaza, nikadhani umesahau. Nikamshukuru Mungu kwamba umesahau."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni. Mabega ya Baba yalianza kupanda na kushuka, yale mabega yaliyobeba magodoro mawili kwa mkupuo.

"Sogea, Sauda," Nyanya akaniambia. "Mpe baba yako nafasi."

Nikasogea. Baba akainama, mbele ya wale watu wote, akalaza kichwa chake mapajani mwa mama yake, akajifunika uso kwa pindo la leso. Boti ikapanda wimbi, ikashuka. Nyanya akaweka mkono juu ya kichwa chake na kuyaangalia maji, moja kwa moja, bila kupepesa.

"Zubeda alikuwa hapendi viatu," akatuambia, mimi na Swaleh. "Ukimvalisha kimoja, ukigeuka kuchukua cha pili, kile cha kwanza hukioni tena. Nilikuwa nazunguka nyumba nzima natafuta."

"Juu ya paa," Baba akasema, sauti yake imezibwa na leso, na sikujua kama analia au anacheka. "Alikuwa anavitupa juu ya paa, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa napanda kuvitoa."